Uso Kutoka Upande wa Kichwani

Siku tuliyomzika mama, foleni ya kuaga ilivurugika. Jeneza lilikuwa limewekwa uani, kati ya nyumba na migomba, na watu walitakiwa wapite kulia, waangalie, watokee kushoto. Lakini udongo wa Masama ukishalowa unateleza kama sabuni. Shangazi mmoja akateleza, wanaume wakakimbilia kumshika, na katika kusukumana huko nikajikuta nimesimama mahali ambapo hakuna aliyepaswa kusimama, upande wa kichwani. Wadogo zangu walikuwa wameshapita. Nilimsikia wa mwisho wetu akilia kwenye bega la mumewe. "Siyo yeye. Amebadilika kabisa, dada, siyo yeye." Nikainama juu ya jeneza. Uso niliouona ulikuwa umegeuka, paji lake likiwa karibu nami na kidevu kikiwa mbali, na sikuona mabadiliko yoyote. Ugonjwa ulikuwa umemla mashavu, watu wote walisema hivyo, lakini mimi nilimwona yuleyule wa zamani. Nikatabasamu, Mungu anisamehe, mbele ya waombolezaji wote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kueleza kwa nini, na kila nikijaribu kwa mdomo nashindwa. Acha nijaribu kwa maandishi.

Mama huyu hakunizaa. Aliyenizaa alifariki nikiwa sijafikia umri wa kukumbuka sura ya mtu. Picha yake pekee ilikuwa kwenye kitambulisho, nacho kilipotea. Nililelewa na Bibi, mama yake baba, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, Masama, chini ya migomba na kahawa, tukiwa na ng'ombe mmoja na baraza la saruji lenye ufa. Nilipouliza mama yangu yuko wapi, Bibi alinijibu kila mara jibu lilelile. "Yuko juu. Anakuangalia." Bibi alikuwa Mlutheri wa kwenda ibada ya kwanza, na alimaanisha mbinguni. Mimi nilielewa juu kuwa ni juu tu. Nilimtafuta kwenye paa la jiko ambako moshi ulikuwa umepaka masizi. Nilimtafuta kwenye matawi ya mparachichi. Nikilala chali kwenye nyasi za kulisha ng'ombe, nilikuwa nafumbua macho ghafla, nikiamini kwamba nikimwahi kabla hajajificha nitauona uso wake umeinama kwangu.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Kiboriloni, mageti na madirisha. Alikuja Jumapili, mikono imejaa alama za cheche, na mkate kwenye mfuko wa nailoni. Jumapili moja hakuleta mkate. Alileta picha ya harusi kwenye fremu. Harusi yenyewe sikwenda. Nilisema tumbo linauma, nikaachwa kwa jirani. Bibi akaitundika picha sebuleni, juu ya meza ya redio, na kuanzia hapo kila nilipokula nilikuwa natazamana na mwanamke mwenye midomo iliyofungwa, nyusi zilizochorwa, na macho yasiyocheka. "Huyo ni mama mdogo," Baba aliniambia. "Anaitwa Aika. Tutakuja kukuchukua, utasoma shule ya mjini." Ule uso niliujua vizuri kuliko niliyokuwa nafundishwa darasani. Niliujua kwa chuki, na kwa chuki mtoto hujifunza haraka sana.

Siku waliyokuja kunichukua nilipanda mparachichi. Nilipanda juu kuliko nilivyowahi kupanda, mpaka kwenye matawi membamba. Nilimsikia Bibi akiniita, Baba akiniita, nikaona kilemba cha njano kikitembea chini ya migomba na viatu vya bluu vilivyotaka kutumbukia kwenye mfereji. Hakuangalia juu. Mimi ndiye niliyejisogeza nimwone vizuri zaidi, na tawi likakatika. Ninachokumbuka baada ya hapo ni ukelele wa mwanamke, ladha ya udongo, na mguu wangu umelala upande ambao mguu haulali.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Wale wa rika langu waliowahi kuvunjika paja utotoni wanajua walivyokuwa wakitufanya hospitalini. Mguu wangu ulifungwa bandeji kutoka kwenye paja hadi kwenye unyayo, ukafungwa kamba, kamba ikapitishwa kwenye kigurudumu cha chuma mwishoni mwa kitanda, na kwenye ncha yake kikaning'inizwa kitu kizito cha kuuvuta. Miguu ya kitanda ya upande ule ikainuliwa kwa vipande vya mbao, ili uzito usinivute chini. Mto ukaondolewa. Nikalazwa chali, kichwa chini kidogo kuliko miguu, nikakatazwa kugeuka. "Ukigeuka mfupa utaunga vibaya, utatembea kama kaa," aliniambia muuguzi, mama mnene mwenye mikono laini. Kaa nilikuwa sijawahi kumwona. Nilimwogopa hivyohivyo.

Kitanda changu kilikuwa kwenye kona. Kushoto ukuta, kulia kitanda cha Neema aliyevunjika mkono, nafasi ya katikati ya kupita muuguzi kwa ubavu tu. Mbele yangu, baada ya mguu ulioning'inia, kulikuwa na dirisha, na asubuhi mlima ukitoka mawinguni niliuona wote mweupe juu ya vidole vyangu vya mguu. Mtu aliyetaka kukaa nami hakuwa na pa kuweka kigoda isipokuwa nyuma, kichwani. Hivyo ndivyo ilivyotokea. Hakuna aliyepanga.

Ilikuwa mchana, nimesinzia kwa dawa. Nikasikia harufu ya mafuta ya nazi na vidole vikigusa nywele zangu, polepole, kama mtu anayepima joto la maji. Nikafumbua macho ghafla, kama nilivyozoea kufumbua kwenye nyasi. Na safari hii sikuchelewa. Alikuwepo. Uso ulikuwa umeinama kutoka juu, umening'inia kwenye dari ya wodi, mdomo ukiwa mahali pa paji na macho yakiwa chini ya pua, uso ambao sikuwahi kuuona popote.

Sikuogopa hata kidogo. Nilimwuliza kitu nilichokuwa nimekitunza siku zote.

"Umeshuka?"

"Eeh," akasema. "Nimeshuka sasa hivi."

"Utarudi tena juu?"

"Jioni lazima nirudi. Lakini kesho nitakuja."

Miaka mingi baadaye tulicheka mpaka tukashika mbavu kwa hayo mazungumzo. Yeye alikuwa anazungumzia gari. Alikuwa ameshuka kwenye gari barabarani, na kurudi juu alidhani nauliza kama atapanda Masama kumwona Bibi. Alikuwa amekuja na hofu yake yote, amejifunza njiani maneno ya kuniambia: mimi ni Aika, pole mwanangu, ulianguka kwa sababu yangu. Nilipomsemesha kwa upole namna ile, maneno yakampotea. Akafikiri nimeshamjua na nimemsamehe. Akachukua kitana, akaanza kunisuka.

Kwa hiyo nikawa na mama. Alikuja kila siku baada ya kufunga biashara yake ya asubuhi. Alinisuka, akanifumua, akanisuka tena, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine ambacho mtu aliye nyuma ya kichwa anaweza kumfanyia mtoto aliyefungwa kamba. Aliniletea mtori, supu nzito ya ndizi, kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana. Kulishwa na mtu aliye nyuma yako siyo kazi rahisi. Kijiko kilikuja kimegeuka, mara ya kwanza nusu ya mtori iliingia puani, akacheka, na mimi nikaona mdomo wake ukijipinda kuelekea chini kama mtu anayetaka kulia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwenye uso ule kununa ni kucheka. Nikajifunza kumsoma kwa mikunjo ya pembeni mwa macho. Alikuwa na mwanya, na mwanya ule ulikuwa jambo zuri kuliko yote niliyoyaona wodini. Kwenye picha ya Masama midomo ilikuwa imefungwa.

Wauguzi walinithibitishia bila kujua. "Mama wa huyu mtoto, sogea kidogo nipite." "Mama mtoto, leo amekula?" Naye aliitikia, "Amekula, dada." Nilikuwa nasikiliza nikiwa nimefumba macho. Sikumwita Mama kwa sauti siku za mwanzo. Nilihofu nikilitamka ataondoka, kama ndege unapomsogelea. Nililisema ndani ya shuka.

Neema ndiye aliyeanzisha mchezo wa magazeti. Mama yake alikuwa na gazeti la zamani lenye picha, na Neema, ambaye aliweza kukaa, alikuwa analinyanyua juu ya uso wangu nilisome nikiwa chali. Siku moja akalishika limegeuka.

"Hiki nini?"

"Kikombe."

"Hii?"

"Baiskeli. Kuku. Kiatu."

"Na huyu?"

Nikaangalia. Ni mtu. Ana macho, ana pua, ana masharubu. "Simjui."

Neema akaligeuza gazeti, akacheka mpaka akaushika mkono wake wenye plasta. Alikuwa mtu ambaye picha yake ilining'inia kwenye kila ofisi na kila darasa, hata Bibi alikuwa na kalenda yake. Tulirudia na wengine. Muuguzi alipopita tukamjaribu, naye akashindwa kumtambua mwimbaji wa kwaya ambaye alisema anampenda. Vitu havikutushinda. Kikombe kikilala ni kikombe, kikisimama ni kikombe. Watu ndio waliotoweka. Ukitaka, hata leo chukua picha ya dada yako wa tumbo moja, igeuze kichwa chini. Macho utayaona kuwa ni macho, mdomo ni mdomo, lakini yeye mwenyewe atakuwa ametoka ndani ya picha na kukuachia vipande. Uso, nadhani, tunaupokea wote kwa mara moja, na tumezoea kuupokea umesimama. Siku ile sikuyafikiria hayo. Nilicheka tu na Neema, na wala sikuuliza kwa nini mama yangu peke yake ndiye niliyemjua akiwa amegeuka.

Baba alikuja Jumapili, na kwa kuwa muuguzi hakuruhusu wawili kujazana kwenye kona ile, yeye alipoingia mama alitoka akakaa barazani, nje ya wodi. Sikuwahi kuwaona pamoja. Bibi alishuka kutoka Masama siku moja moja, na yeye alipenda kujibana ubavuni mwa kitanda nimwone vizuri. Nikamnong'oneza. "Bibi, ulisema kweli. Mama anakuja kuniona. Anashuka." Bibi akainama akanifunga kifungo cha gauni ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Siku iliyofuata, vidole vikiwa katikati ya nywele zangu, nikathubutu.

"Mama."

Vidole vikasimama. "Abee," akajibu, kwa sauti ndogo sana.

"Huko juu unakokaa kuna baridi?"

"Juu wapi? Masama?"

"Huko mbinguni. Bibi alisema unaniangalia. Nilikuwa nakutafuta kwenye mti."

Nilisubiri. Kitana kilikuwa kimechomekwa kwenye nywele zangu na hakikutembea. Uso uliokuwa juu yangu ukaondoka, nikabaki na dari. Nikafikiri nimeshaharibu, nimelitamka jina na ndege ameruka.

Alikuwa ametoka kwenda barazani, ambako Bibi, aliyekuwa bado hajarudi Masama, alikuwa amekaa na kikapu chake. Haya Bibi ndiye aliyenisimulia nilipokuwa msichana mkubwa. Alisema Aika alikaa chini kwenye sakafu, na nguo yake nzuri, akasema, "Mama, mtoto ananiita, lakini siyo mimi anayemwita." Bibi akamwambia, "Basi mwambie." Aika akasema, "Nimwambie leo? Amefungwa kamba, hawezi hata kunigeuzia mgongo akichukia. Mtu akikasirika anahitaji pa kugeukia." Bibi alikuwa mwanamke mgumu, hakumpenda sana huyu mkwe wa pili aliyevaa viatu vya bluu kuja shambani. Aliniambia kwamba ni pale barazani alipoanza kumpenda. "Nilimwambia, ngoja mguu upone. Lakini usimwongopee. Akikuuliza tena, usiitikie uongo."

Akarudi. Akaendelea kunisuka. Nilipouliza tena habari za mbinguni akasema, "Huko sijawahi kufika, mama. Tuzungumze habari za hapa." Nikadhani ni siri ya wale wa juu, hawaruhusiwi kusimulia. Nikamheshimu kwa hilo.

Wiki zikapita. Picha ya mfupa ikapigwa, daktari akaiinua dirishani, mlima ukiwa nyuma yake, akasema umeshika vizuri. Asubuhi moja wakafungua kamba. Wakatoa vipande vya mbao, kitanda kikashuka, wakakivuta kutoka kwenye kona na kukigeuza ili nifanyishwe mazoezi ya kukaa. Wauguzi wawili wakaniinua wakaniwekea mito mgongoni. Dunia nzima ilisimama wima kwa mpigo. Kizunguzungu kilinishika, nikaona Neema ana miguu mirefu, nikaona wodi ina mlango.

Na mlangoni akaingia yule mwanamke wa kwenye picha.

Nyusi zake, macho yake, midomo yake iliyofungwa. Alikuwa ameshika chupa ya chai ya mtori, chupa ya mama yangu. Nikapiga kelele mpaka watoto wengine wakaanza kulia. "Mtoeni! Mtoeni huyu! Mwiteni Mama!"

Akasimama palepale. "Ni mimi," akasema.

Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Sauti ilikuwa ya Mama. Uso ulikuwa wa yule mwingine. "Umemwibia sauti!" nikamwambia. "Umemwibia na chupa!"

Mama yake Neema alianza kucheka, kisha akaona siyo mzaha, akafunika mdomo. Aika aliweka chupa chini, kwenye sakafu, katikati ya njia. Hakunisogelea. Akamwambia muuguzi, "Dada, naomba umlaze tena chali kidogo. Dakika chache tu." Muuguzi mnene akamtazama, akatoa mito, akanilaza. Nikasikia viatu vikizunguka mbali na kitanda, vikapita upande wa ukuta, vikaja nyuma. Harufu ya mafuta ya nazi ikaja. Kisha, kutoka juu ya paji langu, Mama akainama.

Alikuwa yeye. Mwanya, mikunjo ya macho, kila kitu mahali pake palipogeuka. Nilinyoosha mkono nikamshika shavu ili asiondoke tena.

"Sikiliza," akasema. "Mimi naitwa Aika. Mimi ndiye mke wa baba yako. Sikushuka mbinguni, nilishuka kwenye gari. Mama yako aliyekuzaa sikuwahi kumwona hata siku moja. Nilitaka kukuambia mapema, lakini ulikuwa umefungwa. Sasa hujafungwa. Ukitaka niondoke nitaondoka, nitamwita Bibi akae na wewe."

Chozi lilidondoka kutoka kwenye uso ule na kuniangukia shavuni. Sikujua la kufanya na kile nilichoambiwa. Nililia. Nililia kwa sababu mama yangu alikuwa amekufa, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kulijua hilo, mchana ule, kitandani, katikati ya wodi. Mpaka dakika ile alikuwa juu tu. Lakini mkono wangu ulikuwa bado umeshika shavu la Aika, na nakumbuka nikitaka kuuondoa na mkono ukikataa. Upande mmoja wa kichwa changu ulikuwa umesukwa, upande mwingine umefumuliwa tangu jana yake.

"Nisuke kwanza," nikasema.

Akavuta kigoda. Akaanza na upande uliofumuliwa.

Nisikudanganye kwamba mambo yaliisha hapo. Nyumba ya Kiboriloni ilikuwa vyumba viwili nyuma ya karakana, na kila siku nilikuwa naishi na watu wawili kwenye mwili mmoja. Aliyesimama jikoni akipepeta mchele alikuwa yule wa kwenye picha, nikimwona moyo unaruka. Aliyenisuka alikuwa Mama. Sikuweza kuwaunganisha. Nilipozidiwa nililala kwenye benchi la uani, nikaning'iniza kichwa ukingoni mpaka damu ikajaa masikioni, nikamwangalia hivyo. Pale ndipo alipokuwa yeye. Nikitulia nilikaa vizuri, na alikuwa ameshatoweka tena.

Baba hakuwa anaelewa. "Wewe mtoto, kaa kama watu. Shingo itavunjika na yenyewe."

"Mwache," Aika alimjibu, na akasimama na ungo wake bila kutikisika, uso umenigeukia, ili nimwone vizuri. "Mwache, ananitafuta." Baadaye kidogo akaniuliza, "Umenipata? Maana maharage yanaungua."

Nilipoweza kutembea vizuri alinipeleka Masama. Nilifikiri tunakwenda kuchukua ndizi. Alimsalimia Bibi shikamoo, akakaa, akasema, "Mama, tumekuja kuuliza. Mama yake huyu alifananaje? Yeye hajui, na mimi sijui." Bibi alikuwa anamenya ndizi. Nikaona kisu kinakwenda taratibu zaidi. Akasema alikuwa na masikio madogo kama yangu. Akicheka alifunika mdomo kwa mkono wa kushoto. Alitembea haraka, hata akibeba majani ya ng'ombe alikuwa akimpita kila mtu njiani. Alipenda ndizi ngumu, zisizoiva sana. Aika alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia, akauliza hili na lile, alikuwa mrefu, alikuwa na sauti gani. Tangu siku hiyo mama yangu wa kwanza hakuwa tena uso mtupu uliojificha kwenye matawi. Alikuwa na masikio, na mkono, na mwendo.

Kisha ikaja siku ya soko. Aika aliuza nguo za watoto za mtumba, akizimwaga kwenye turubai na kuita wateja kwa sauti ambayo sikuamini kuwa inatoka kwake. Wakati wa likizo nilikwenda naye. Siku ile kulikuwa na watu wengi kuliko kawaida, ilikuwa karibu na sikukuu, na niliondoka kidogo tu kuangalia mwanamke aliyekuwa akiuza vifaranga kwenye tenga. Nilipogeuka sikuliona turubai letu. Kila upande kulikuwa na miguu, vitenge, magunia, mikono inayopishana. Nikaona kitenge kama chake, nikakishika. Aliyegeuka alikuwa mama mwingine. "Wewe wa nani?" akaniuliza. Nikakimbia kwa kuchechemea, nikashika kingine, naye siye. Nikaanza kulia ile namna ya mtoto anayejikaza asisikike.

Nilisimama karibu na rundo la nyanya. Watu walikuwa wanapita usoni pangu, nyuso na nyuso na nyuso, zote zimesimama wima kama dunia ilivyo, na mimi sikujua ninatafuta uso wa namna gani. Ndipo kwa mbali, ng'ambo ya meza za ndizi, nikaona mwanamke amesimama juu ya gunia, mkono umeweka kivuli machoni, midomo imefungwa kwa hofu, anatazama huku na huku. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa mbali sana hata mwanya nisingeuona. Hakukuwa na mafuta ya nazi, kulikuwa na harufu ya dagaa. Sikuinama. Sikugeuza kichwa. Nilimjua wote kwa mara moja, kabla sijafikiria kwamba namjua.

"Mama!"

Aligeuka. Uso ule wa kwenye fremu ukapasuka wote kwa kicheko, na kicheko kilielekea juu, kama vicheko vya watu wote.

"Usikimbie!" akapiga kelele, akishuka kwenye gunia na kusukuma watu kwa mikono yote miwili. "Mguu! Usikimbie, nakuja!"

Lakini nilikuwa nimeshaanza kukimbia.